Chenji Isikukwamishe Gengeni

Genge linaweza kujaa nyanya, vitunguu na dagaa, na bado ukamkosa mteja kwa sababu ya shilingi 50. Chenji ni bidhaa kama nyingine: inunue kabla haijaisha.

Itafute jioni. Asubuhi kila mtu anaitaka. Jioni makonda wa daladala na vijana wa bodaboda mifuko imewalemea, wanaona afadhali wapate noti. Zungumza na mmoja au wawili, wawe wanakupitia kila siku.

Funga mafungu ya buku. Hamsini, ile yenye kifaru, funga 20. Mia, yenye swala, funga 10. Mia mbili, yenye simba, funga 5. Kila fungu ni elfu moja, hivyo jioni unahesabu mafungu badala ya sarafu. Ukibakiwa na fungu moja tu la hamsini, siku hiyohiyo tafuta mengine.

Kagua jero. Sarafu ya 500 iliingia kwenye mzunguko mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti. Igeuzegeuze kwenye mwanga upande wa nyati: namba 500 na herufi BOT hupokezana mahali palepale.

Hesabu kwa kupanda. Mteja amenunua vitu vya 650, katoa elfu tano. Noti yake iache mezani, anza na bei huku ukimwekea mkononi: hamsini, mia saba hiyo, mia, mia nane, mia mbili, elfu moja, elfu mbili, elfu tatu, elfu mbili nyingine, elfu tano. Amesikia, ameona, hakuna ubishi. Sasa ndipo noti yake iingie kwenye droo.

Omba nyongeza. Kama sarafu ndogo zimepungua, muulize: "Huna mia na hamsini hapo, dada?" Akikupa, unamrudishia 4,500: noti mbili za elfu mbili na jero moja.

Usimlipe kwa pipi. Hakuja kununua pipi, na watoto wake wakizila, yeye bado anakumbuka mia yake. Ukikosa kabisa, andika deni kwenye daftari akiwa anaona. Akija kesho, mpe kabla hajauliza. Wa hivyo hahami genge.