Shangazi Ajibu: Ua Uliotelekezwa na Picha za Ijumaa



Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Uganda, na mwezi wa Mei mwaka huu tulijaaliwa, mimi na mume wangu, kununua nyumba hapa Kansanga, upande wa bondeni wa barabara ya Ggaba, kiwanja cha futi 50 kwa 100. Nyumba yenyewe ni nzima, lakini ilikaa miaka bila mtu, na huko nje ni pori. Majani yamefika kiunoni. Mfenesi umelalia mabati. Ukuta wa mawe wa upande wa chini umetoka tumbo. Pembeni pana kichuguu. Mfuniko wa karo la maji machafu umepasuka nami nimeuziba kwa kipande cha bati. Na mama mmoja jirani amepanda magimbi ndani ya mipaka tuliyoonyeshwa.

Mume wangu yuko Dubai kikazi. Kila Ijumaa hupiga simu akataka picha. Ili aone mabadiliko nimepaka geti rangi, nimenunua maua ya vyungu, nimefyeka nusu ya ua, nimechimba shimo la takataka nikaliacha katikati. Sasa ametuma pesa za kutandaza peva ua mzima, kutoka getini hadi ukutani, akija Desemba akute pamependeza. Juzi ikanyesha mvua ya ghafla, maji yakaingia jikoni, na jirani wa chini akaja kunigombeza kwamba matope yangu yamejaa barazani kwake. Shangazi, nimechoka. Kazi nimezianza zote na hapana hata moja iliyokwisha. Nishike lipi? Na baba watoto nimwambieje?

Nisiyelala, Kansanga

*

Mwanangu, hongera ya nyumba. Kwani katika kuyahesabu mashaka yako umeghafilika kwamba kuwa na kiwanja chenye hati ndani ya Kampala ya leo ni neema ambayo wengi wameitafuta ujana wao wote, na uzee ukawakuta wangali wapangaji.

Kabla sijaingia katika maelezo marefu, lipo jambo moja lisilongoja, nalo ni huo mfuniko wa karo. Kipande cha bati juu ya shimo la maji machafu ni mtego, maana mtoto hukiona ni mahali pa kuchezea na mgeni wa usiku hakioni kabisa. Na lililo baya kupita kuanguka ni hewa iliyomo ndani, ambayo humlegeza mtu mzima kwa pumzi chache, akaingia wa pili kumwokoa naye asitoke. Pazungushie miti na kamba leo hii, uagize mfuniko mpya wa zege lenye nondo, na ikiwa karo limejaa, lije gari la kunyonya lifanye kazi yake kwa mpira kutoka juu. Wala asikuhadae kibarua yeyote kwamba atashuka na ndoo kwa bei nafuu.

Tuje sasa kwenye kiini cha barua yako. Maadamu kazi za nyumba yako huamuliwa na kile kitakachopendeza ndani ya simu siku ya Ijumaa, geti litapata rangi kabla ya karo kupata mfuniko, na maua yatastarehe juu ya vyungu ilhali jikoni mnapiga deki matope; nami sikulaumu, kwa sababu sijapata kusikia mume aliyetumiwa picha ya mtaro uliozibuliwa akasema mashaallah. Hata hivyo ni mtaro ndio unaokudai, na vingine vyote ulivyovitaja, isipokuwa magimbi ya jirani, ni matawi ya shina hilo moja la maji.

Fikiri mahali ulipo. Nyumba yako iko miguuni pa Muyenga, kile kilima ambacho juu yake yamejengwa matangi ya maji ya mji hata watu wakakiita Tank Hill. Na vilima vya Kampala aghalabu vina tabia moja, kwamba kileleni pana mawe magumu yenye rangi ya kutu, ubavuni udongo mwekundu, na chini bonde la mafunjo, na kila mvua inyeshayo juu huyatafuta mafunjo hayo kwa njia iliyo karibu zaidi. Zamani njia hiyo ilipita katika migomba, iliyokuwa ikiyanywa maji na kuyapunguza kasi. Leo inapita juu ya mabati, saruji na lami, na ikifika kwako imekwisha kupata nguvu.

Nikupe hesabu moja, uitunze uje umsomee mkwe wetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mita za mraba 464 na ushei. Kwa hiyo mvua ya milimita 40, ambayo Kampala si ajabu kunyesha kwa alasiri moja, huteremsha katika ua wako lita zaidi ya 18,000. Hapo sijataja yale yanayokuja kutoka kwa majirani wa juu. Udongo wenye majani hunywa sehemu yake. Peva zilizotandazwa juu ya kifusi kilichoshindiliwa hunywa kidogo sana. Ukiufunika ua wote kama alivyoagiza, sehemu kubwa ya lita hizo itakwenda barazani kwa huyo jirani wa chini, na safari hii hatakuja peke yake, bali atafuatana na mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa.

Basi mvua ikinyesha tena, vaa viatu vya mpira, chukua mwavuli, uuzunguke ua wako polepole, maana maji yenyewe yatakuonyesha yaliyofichwa na ukame. Tazama ukuta wa nyumba chini ya ncha za bati: ukiona madoa mekundu yaliyorukia juu hadi usawa wa goti, hapo maji ya paa yanaanguka na kuchimba msingi, kwa kukosa gata au kwa gata iliyojaa majani ya mfenesi. Tazama mlango wa jikoni: nina yakini, kwa nyumba iliyokaa miaka bila mtu, kwamba udongo wa nje umejikusanya ukapanda hata ukalingana na kizingiti au kukipita, na hapo hapahitaji mhandisi, panahitaji sepetu na toroli, uchonge udongo uteremke kutoka nyumbani kiasi cha sentimita 15 kwa kila mita 3. Kisha upande wa juu wa kiwanja, maji ya watu yanakoingilia, pachimbwe mfereji wa kuyapokea na kuyapeleka pembeni hadi kwenye mtaro wa barabara. Nasema mtaro wa barabara, wala si uzio wa jirani. Fundi mvivu siku zote huyaelekeza maji kunakomwonea huruma mgongo wake, kwa hiyo simama naye.

Na uchafu wa humo usiusukume ukaondoka na maji. Maji ya bonde la Kansanga huishia ziwani, katika ghuba ya Murchison, na ni katika ghuba hiyohiyo mitambo ya Ggaba huvuta maji ya ziwa, ikayasafisha na kuyapandisha katika matangi ya Muyenga, yakarudi bombani kwako.

Gata zikipona, weka tangi la kukingia mvua. Ua huo utakudai maji mengi mwezi wa Januari.

Ukuta uliotoka tumbo umenitia hofu kuliko ulivyodhani wewe, kwa kuwa umeutaja baina ya mfenesi na kichuguu kana kwamba ni dosari ya sura. Ukuta wa kuzuia udongo aghalabu hautolewi tumbo na udongo mkavu. Husukumwa hivyo na udongo ulionywa maji ukawa mzito zaidi, usipate pa kuyatolea. Chuchumaa chini yake utafute matundu ya kutolea maji: kama yapo yamezibwa na mizizi, yazibue kwa kijiti, kama hayapo, fundi aliyeujenga aliuhukumu tangu siku ya kwanza. Usiukandike saruji kwa nje, kwani utaficha nyufa na kuyafungia maji ndani. Ondoa mzigo wowote uliorundikwa karibu na ukingo wake, yakiwemo mawe na vile vyungu vya maua ikiwa umevipanga huko, na umwambie jirani wa chini kwa uungwana kwamba watoto wake wasicheze hapo, maana kila msimu wa mvua mjini humo husikika habari za ukuta ulioangukia nyumba ya bondeni. Mpelekee maneno hayo wewe mwenyewe, na sahani ya vitumbua ikiwezekana. Ugomvi wa juzi utakwisha. Halafu atafutwe mhandisi autazame, na ikibidi ujengwe mpya, idhini ya mamlaka ya jiji, KCCA, itangulie matofali.

Mfenesi usiukate. Mti unaozaa ni mali, na kivuli chake kitakufaa. Yatosha kuyapunguza matawi yaliyolalia mabati, kwa kamba, siku kavu, na kama pana waya wa umeme kati ya majani basi panga lisiguse tawi hata waitwe watu wa UEDCL, waliochukua kazi ya kusambaza umeme tangu Aprili 2025. Kichuguu nacho nakuomba ukiulizie kabla ya kukivunja. Wewe wa Tanga unakiona ni uchafu. Lakini Baganda huwapenda kumbikumbi kwa kitoweo, huwaita nswa, na kichuguu kinachowatoa huwa na mwenyewe anayejua siku ya kukifunika ili awanase warukapo mvua zikianza. Ikiwa kipo mbali na nyumba, kiache, na pengine utakula nawe. Cha kukaguliwa ni kuta za nyumba: ukiona vijia vya udongo vinene kama penseli vikipanda kutoka chini kuelekea kwenye fremu za milango, hao ni mchwa, na dawa yao isicheleweshwe.

Shimo lako la takataka ulilolikatiza linakaa na maji, na mbu wa malaria hutimia kutoka yai hata kuwa na mbawa katika siku 7 mpaka 14; basi ama ulifukie au ulimalizie, ulijaze majani uliyofyeka, yaoze yawe mbolea. Nashauri la pili. Jaa la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu mwaka 1996, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024 likaua watu zaidi ya 30, na kitu kimoja kilichomo katika uwezo wa mwenye nyumba ni kutoyapakia garini majani ambayo ardhi yake mwenyewe ingeyapokea kwa furaha.

Ama magimbi, hapo ninakusihi uende kwa staha. Ardhi ya Buganda ina mambo yake tangu Mkataba wa 1900 ulipoigawa kwa mailo, na juu ya ardhi moja waweza kuwapo mwenye hati na mwenye kibanja anayeikalia, kila mmoja na haki yake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1998 inawalinda, miongoni mwa wengine, waliokaa na kulima miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila kupingwa. Kama mama huyu alipanda juzijuzi tu nyumba ilipokuwa tupu, hayumo katika hao. Lakini hilo usilikate wewe kwa kumtazama uso. Mwite mpimaji ardhi mwenye leseni, afungue mipaka na kuyatafuta mawe ya alama, mama mwenyewe na mwenyekiti wa LC wakishuhudia. Ikithibitika ni kwako, mwachie avune kwanza. Pale yanapositawi magimbi hapakosi unyevu, kwa hiyo amekufanyia uchunguzi wa maji bila malipo.

Sasa mkwe wetu. Usimdhanie ubaya mtu aliye Dubai, kwani nyumba aliyoinunua haijui kwa miguu, na picha ya Ijumaa ndiyo baraza yake ya pekee. Anayetuma jasho lake kila mwezi asione lolote, shaka humwingia hata akiwa mwema namna gani. Mpe cha kuona, ila kiwe kweli. Chukua video maji yakiingia jikoni, sauti yake na yako, umpelekee; mpigie picha ukuta kutoka kwa jirani wa chini, mahali ambapo tumbo lake linaonekana; umsomee hesabu ya lita 18,000; na fundi aandike makadirio kwa mkono wake, kazi moja moja na bei yake, malipo yakifuata kazi iliyokwisha wala si siku zilizopita. Nami nakutoza ahadi: usianze kazi ya pili kabla ya ya kwanza kwisha, hata akiomba.

Peva aziweke njia ya gari na mbele ya mlango, basi. Kwingine kote panda nyasi za paspalamu, na kwenye kingo za mteremko panda mchaichai, ambao hushika udongo na kukupa chai. Katika pesa alizotuma toa gharama ya mfuniko, gata, mfereji na mhandisi wa ukuta. Zilizobaki zikae benki hadi mvua za Septemba na Oktoba zikupitie, ujue maji yaliyosalia yanaelekea wapi. Na Jumamosi hii, kabla ya jambo jingine lolote, mwite fundi wa zege, asiondoke mpaka mfuniko wa karo umemwagwa.