Kabla Hujapakua Gemu ya Mapenzi

Picha ya jalada itakudanganya. Karibu kila gemu ya mapenzi inauzwa kwa sura nzuri, macho makubwa na maua yanayopeperuka. Ukichagua kwa jalada, utapakua ya kutisha ukidhani ni ya kubembelezana. Au utachukua ya bure, na mwisho wa mwezi ukute imekula hela kuliko ya kulipia. Jiulize mambo mawili kwanza: imetungwa kwa ajili ya nani, na inataka nini kwako, muda au pesa?

Tuanze na nani. Mwaka 1994 zilitoka Japani gemu mbili zilizochora ramani tunayoitumia mpaka leo. Ya kwanza ni Tokimeki Memorial ya Konami. Humo wewe ni mvulana wa sekondari mwenye miaka mitatu ya kumfanya msichana akupende kabla ya mahafali. Ya pili ni Angelique ya Koei, kazi ya timu ya wanawake iitwayo Ruby Party. Humo wewe ni msichana unayewania kiti cha malkia, na wanaume watanashati wamekuzunguka kila upande.

Gemu za ukoo wa Angelique zinaitwa otome. Ukiliona jina hilo, jua mhusika mkuu ni mwanamke na wanaume ndio wanaochaguliwa. Ukiona galge au bishoujo, mambo yamegeuka: mwanamume anachagua miongoni mwa wasichana. Ukiona BL, ni mapenzi ya wanaume wawili, na huko Japani wateja wake wakubwa ni wanawake. Hakuna bawabu mlangoni, cheza unayotaka. Majina haya yanakuambia tu utakuwa unaangalia kwa macho ya nani.

Huna uzoefu kabisa? Anza na Florence ya mwaka 2018. Ni ya simu, unailipia mara moja, na unaimaliza kabla ubwabwa haujaiva. Inamfuata binti anayekutana na mpiga sello mtaani. Maneno ni machache mno, kwa hiyo lugha haitakusumbua. Angalia wanavyozungumza: siku ya kwanza unaunganisha vipande vingi ili kukamilisha sentensi moja, na kadiri wanavyozoeana vipande vinapungua. Ukishaielewa hiyo, umeelewa gemu za mapenzi zinavyofanya kazi. Kidole chako ndicho kinachosimulia.

Unapenda kusoma kuliko kukimbizana? Tafuta visual novel. Ni riwaya yenye picha, sauti na muziki, na kila baada ya muda inasimama ikuulize utasema au utafanya nini. Majibu yako yanakupeleka kwenye njia ya mhusika mmoja. Nyingi ni nyepesi, hata laptop ya zamani inazibeba.

Kwa otome, mlango mzuri ni Hakuoki ya mwaka 2008. Binti aitwaye Chizuru anakwenda Kyoto kumtafuta baba yake, anaishia mikononi mwa Shinsengumi, kikosi cha wapiga upanga kilichokuwepo kweli. Ukipenda upelelezi, chukua Collar x Malice. Polisi mdogo wa kike anaamka akiwa amevishwa kola yenye sumu shingoni, na inabidi ashirikiane na wanaume wanaochunguza mauaji ya mfululizo. Hapo mapenzi yanakuja polepole, na ni bora hivyo.

Sasa mbinu yenyewe. Kila gemu ikikuuliza swali, hifadhi kwanza, kwenye nafasi mpya. Usifunike ya zamani. Ukiangukia mwisho mbaya, unarudi kwenye swali, si mwanzo wa kitabu. Halafu tumia kitufe cha kuruka: kinapitisha maandishi uliyokwisha kuyasoma na kusimama penye jipya. Ukipitwa na neno, fungua kumbukumbu ya mazungumzo ulisome tena taratibu. Hii itakufaa sana, maana nyingi utazipata kwa Kiingereza, na baadhi kwa Kijapani tu. Angalia orodha ya lugha kabla ya kulipa.

Usiogope mwisho mbaya. Mara nyingi umeandikwa kwa ustadi kuliko ule wa harusi. Ukipata nafasi, uendee makusudi.

Na usimkimbilie yule wa kwenye jalada. Katika Collar x Malice, njia ya mwanamume wa jalada, Yanagi, haifunguki mpaka umalize za wenzake wanne, kwa sababu ndiyo inayofichua siri kubwa. Otome nyingine, Code: Realize, nayo inamfungia Lupin vivyo hivyo. Uliza wachezaji wengine mpangilio wa njia kabla hujaanza. Watu wa otome wana maoni makali juu ya hilo, na kwa kawaida wako sahihi.

Labda wewe ni mtu wa ratiba na hesabu. Basi utafurahia ukoo wa Tokimeki Memorial, ambako kila wiki unaamua: kusoma, mazoezi, kupumzika, au kutoka na mtu. Ukimsahau msichana mmoja kwa muda mrefu, alama ya bomu inatokea kwenye jina lake. Likilipuka, maneno yanasambaa shuleni na wote wanakununia, hata yule uliyekuwa unamhangaikia. Kwa hiyo gawa miadi yako. Wanawake walipata ya kwao mwaka 2002, Girl's Side, yenye mfumo uleule wa kujijenga na kupanga wiki.

Hutaki mapenzi yawe kazi ya kutwa? Nenda shamba. Stardew Valley ya mwaka 2016, iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ni kilimo kwanza na uchumba baadaye. Kuna wachumba 12, sita wa kiume na sita wa kike, na unaweza kumposa yeyote. Ipo ya simu pia, unainunua mara moja na haikuombi hela tena. Ningekuwa na hela ya gemu moja tu, ningenunua hiyo.

Huko zawadi ndiyo lugha. Mpe mtu zawadi mbili kwa wiki, kisha jiweke kando. Daktari Harvey anapenda kahawa, Haley anapenda alizeti, Abigail anapenda amethisto ya mgodini. Weka alama kwenye kalenda: zawadi ya siku ya kuzaliwa ina uzito mara nane. Mioyo ya urafiki ikifika minane, nunua shada la maua dukani kwa Pierre kwa hela 200 za humo. Ikifika kumi, panua nyumba, karabati daraja la ufukweni, halafu usubiri mvua. Mvua ikinyesha, mzee wa baharini anakuwa upande wa pili akiuza kidani cha posa kwa 5,000. Watu wengi wanakwama hapa kwa sababu wanakwenda ufukweni siku ya jua.

Gemu za simu za bure nimeziweka peke yake, kwa kuwa huku ndiko wengi wetu tunakoingia, na ndiko wengi wanakoumia.

Mystic Messenger ya Korea, ya mwaka 2016, inataka muda wako. Unajikuta kwenye kikundi cha kuchati cha watu wanaoandaa sherehe ya hisani, na hadithi inakwenda siku 11 kwa saa za kweli. Chati zinafunguka kwa saa zake, mpaka usiku wa manane. Wahusika wanakupigia simu ukiwa kwenye daladala. Siku nne za mwanzo ni za wote, kuanzia ya tano unaelekea kwa yule aliyevutiwa nawe zaidi. Ianze ukiwa likizo, si wiki ya mitihani. Washa arifa. Jibu barua pepe za wageni wa sherehe, maana wageni wakiwa wachache hupati mwisho mzuri. Ukikosa chati, unaweza kushiriki baadaye kwa shisha za mchanga, ambazo ndizo hela za humo. Gemu inakugawia kidogo kidogo, kwa hiyo zitunze usije ukazinunua.

Choices inataka subira. Sura inafunguliwa kwa funguo, na funguo zinajijaza baada ya saa kadhaa, kama zamani tulivyosubiri toleo lijalo la gazeti lenye hadithi ya mfululizo. Mtego ni almasi: gauni zuri zaidi, jibu tamu zaidi, usiku wa ziada na mpenzi wako. Soma hadithi moja nzima bila kulipia almasi hata moja. Ikikuchosha bila almasi, haikuwa nzuri.

Love and Deepspace ya China, iliyotoka duniani Januari 2024, inataka pesa, na inajua kuomba. Picha zake ni za kuvutia kweli, kuna mapigano, na wanaume wanaongea nawe uso kwa uso. Lakini matukio mengi matamu yamo ndani ya kadi, na kadi unazivuta kwa bahati nasibu. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa maelezo ya uvutaji usome ni mivuto mingapi mpaka kadi ya daraja la juu itoke kwa lazima. Zidisha kwa bei. Kama jumla inakutia jasho, kusanya mivuto ya bure mpaka atokee mhusika unayemtaka, wengine wapite. Usiache njia ya malipo wazi kwenye simu: weka nenosiri kwa kila ununuzi. Tena ipakue kwa waifai, ni gigabaiti nyingi.

Angalia pia alama ya umri, hasa kama simu inashikwa na wadogo zako. Doki Doki Literature Club ya mwaka 2017 ni ya bure, ina rangi za waridi na wasichana wanne wanaoandika mashairi. Ni gemu ya kutisha, na inagusa kujiua waziwazi. Ni kazi bora, ila uingie ukijua.

Kwa laptop, huhitaji hela kuanza. Katawa Shoujo ya mwaka 2012 ni ya bure, na sehemu ya msingi ya Our Life: Beginnings & Always pia. Ukinunua gemu kwenye duka la Steam ukaichukia, omba hela yako ndani ya siku 14, mradi hujaicheza zaidi ya saa mbili. Visual novel nzuri mara nyingi huanza polepole, kwa hiyo isome kwa saa moja na nusu hivi, kisha amua.

Na kama unatamani wapenzi wanaoongea Kiswahili, waandike. Ren'Py ni programu ya bure, imekuwepo tangu 2004, na visual novel nyingi za watu binafsi zimetengenezwa nayo. Unataja jina la mhusika, unaandika maneno yake kwenye alama za kunukuu, unaweka menyu ya majibu, unabonyeza, inacheza. Usianze na njia sita na mji mzima. Anza na watu wawili wanaosubiri basi la Tanga, na swali moja lenye majibu mawili.