SOMO: NANI ATALIPA KIWANJA CHETU CHA MUCHEZO?



Mu kartie nyingi za Kolwezi watoto wanacheza mupira mu barabara. Kamyo ikikaribia, mmoja analalamika: "Kamyo!" Wote wanakimbia pembeni, kiisha wanarudia mawe mawili yanayokuwa goli. Tumezoea kuona vile, lakini kamyo haina muchezo na mutoto. Basi tujifunze: pahali pa kuchezea panatoka wapi, na franga zake nani analipa?

1. Zamani

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mu 1967 Serikali iliichukua, na nyuma ikaitwa Gécamines. Mu kambi zake kampuni ilifanya karibu kila kitu: nyumba, shule, hospitali, na viwanja vya mupira. Mutu hakuwaza kuuliza komine.

Lakini mu miaka ya 1990 Gécamines ilianguka. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi karibu 10.000 waliacha kazi. Viwanja vingi vikabaki bila mwenyewe, na kiwanja bila mwenyewe ni parseli ya kesho. Sisi wenyewe tunajua kimoja tulichochezea tukiwa mu primeri. Leo iko nyumba juu yake. Hakuna mutu aliyekuwa ameuliza karatasi yake.

2. Sheria

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema ya kama muji, komine, sekta na shefri vinajiongoza na viko na bajeti yao. Muji wa Kolwezi uko na komine mbili: Dilala na Manika.

Tena kuna kode ya migodi, iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Kampuni inayouzisha mukuba inalipa redevansi ya 3,5 kwa mia ya bei ya mali. Kobalti inalipa 10 kwa mia. Redevansi inagawanywa hivi: Serikali ya Kinshasa 50 kwa mia, provensi 25, komine ao sekta ao shefri yenye mugodi 15, na mufuko wa vizazi vinavyokuja 10.

3. Hesabu

Tuwaze kampuni imeuzisha mukuba wa dola 100.000.000. Redevansi ni dola 3.500.000. Kinshasa inapata 1.750.000, provensi 875.000, komine 525.000, mufuko wa vizazi 350.000. Jumlisheni, mutaona inarudia 3.500.000.

Haiishi pale. Kode inaomba tena kampuni itoe 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka juu ya maendeleo ya wakaaji wa karibu. Mu mufano wetu ni dola 300.000.

4. Juu ya nini kiwanja hakiko?

Mutu atasema: "Kama franga iko, kiwanja iko wapi?" Jibu haliko moja.

Kwanza, lile fungu la 15 linaenda paka pahali penye mugodi. Komine isiyo na mugodi hailipati, hata kama kamyo zinapita mulangoni pake.

Pili, sheria inataka franga hizo zijenge vitu vya lazima vya watu wote. Kiwanja kinashindana na maji, barabara na shule. Tuseme kweli: maji safi yanatangulia. Lakini kiwanja kidogo hakiombi mali mingi: udongo ulio sawa, goli mbili, miti ya kivuli, na zaidi ya yote karatasi ya kiwanja.

Tatu, Kolwezi iko na stade kubwa, Dominique Diur. Ni heshima kwa muji. Lakini mutoto wa miaka 8 hawezi kwenda kule kila magaribi. Stade ni ya kutazama. Kiwanja cha kartie ni cha kucheza.

Nne, kitu kisichoandikwa mu bajeti hakina franga. Bajeti inaanza tarehe 1 Januari. Mwenye kuuliza mu Januari amechelewa.

5. Kazi yetu

Tusingojee mukubwa mmoja aje kutupa. Tufanye hivi:

a) Tupime kiwanja kinachobaki mu kartie yetu, tuchore karata yake.
b) Pamoja na wazazi na shefu wa kartie, tuulize mu komine kama kiko na karatasi.
c) Tuandike barua ya heshima mbele bajeti haijatengenezwa, tuseme bei ya kila kitu.
d) Franga zikitoka, tuulize hesabu. Kuuliza hesabu si kutukana mukubwa.
e) Tusisahau wasichana. Kiwanja ambacho vijana wanaume peke yao wanakishika hakiko cha watu wote.

Maulizo ya kuzungumzia mu darasa:

1. Kampuni imeuzisha kobalti ya dola 20.000.000. Komine yenye mugodi itapata ngapi?
2. Komine iko na franga ya kisima kimoja ao kiwanja kimoja. Mutachagua nini, na juu ya nini?
3. Kiwanja cha karibu na nyumba yenu ni cha nani? Kama hamujui, nendeni mukaulize, mbele mutu mwingine hajapima parseli.