Nguvu za Kiume na Mishipa ya Fahamu: Kupima Kabla ya Kumeza

Uume husimama kwa amri ya nani

Kusimama kwa uume mara nyingi huanzia kwenye ubongo, ambao ukishapata hamu kwa kuona, kuguswa au kuwaza hupeleka taarifa kupitia uti wa mgongo hadi kwenye mishipa ya fahamu, yaani nyuzi zinazobeba taarifa kati ya ubongo na viungo, na hiyo ndiyo huifanya mishipa ya damu ya uume ipanuke na kujaa damu. Taarifa ikikatika njiani, uume hulegea hata kama hamu ipo na mke anapendwa.

Kinachokata taarifa

Kisukari kinatia wasiwasi zaidi, kwa kuwa sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu polepole, mara nyingi pamoja na ganzi ya miguu, kiasi kwamba ndala humvuka mgonjwa njiani naye asijue. Presha, pombe nyingi, sigara, kiharusi na kuumia mgongo, kama inavyotokea katika ajali za bodaboda, nazo huweza kuleta shida hiyohiyo ya uume kulegea.

Sukari na presha vipimwe kwanza.

Vumbi na vidonge vya mtaani

Mwanamume asimeze dawa ya nguvu za kiume kabla ya kupimwa. Unga unaouzwa stendi ukiwa umefungwa kwenye kipande cha karatasi, ambao wengi huuita vumbi la Kongo, hauna maelezo ya kilichomo wala kipimo, na baadhi ya dawa zinazoitwa za asili zimekutwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali inayopanua mishipa ya damu. Anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, kama kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, akichanganya na sildenafili presha yake huweza kushuka ghafla hadi akafa. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 bila kulala, hata usiku wa manane, mgonjwa apelekwe hospitali, kwa sababu kuchelewa huweza kuuharibu moja kwa moja. Hata dawa inapoonekana kusaidia, haitibu kisukari, nacho huendelea kula macho, figo na miguu huku mgonjwa akijiona amepona. Ndiyo maana inasisitizwa tena kwamba asimeze kabla ya kupimwa.

Kipimo chenyewe

Sukari hupimwa asubuhi kabla ya kula, kwa tone la damu ya kidole, na ikifika 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi kipimo hurudiwa ili kuthibitisha.

Hofu na mawazo

Madeni, ugomvi wa ndani, sonona na hofu ya kushindwa tena huufanya ubongo uzuie taarifa, na uume unaosimama vizuri alfajiri lakini ukagoma mbele ya mke mara nyingi huashiria kwamba mishipa ni mizima. Huyo naye apimwe.

Anayetumia dawa za presha

Akihisi zinampunguzia nguvu za kiume, asiziache, amweleze daktari ili ikibidi abadilishiwe.

Hatari isiyosubiri kesho

Nguvu zikipotea ghafla pamoja na maumivu ya mgongo, ganzi katikati ya mapaja na mkojo kukataa kutoka, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.