Dondoo muhimu: Kilabuni, uliza saa kabla ya jina

Anayetaka kuzunguka kwa miguu vilabu vya pombe za kienyeji katika mitaa ya Kinondoni au Temeke, Dar es Salaam, aulize kwanza pombe imetoka lini, kisha ndipo aulize kilabu gani kina sifa. Mnazi huanza kuchacha ungali kwenye chombo cha mgema: wa asubuhi ni mtamu na mwepesi, wa jioni umeshakuwa mkali, na ukilala unaelekea siki. Mbege ya Wachaga, ya ndizi zilizopikwa na kimea cha ulezi, nayo huendelea kuchacha hata baada ya kufika kwa muuzaji. Ndiyo maana kilabu kilekile kinaweza kusifiwa mchana na kulaumiwa usiku, na aliyesifu na aliyelaumu wote wakawa wakweli. Tazama povu, nusa, onja kidogo, ndipo uagize.

Wapo watakaosema pombe zote hizi ni hatari. Hofu hiyo ina msingi mkubwa kwa gongo, kwa kuwa hukenekwa mafichoni, kinyume cha sheria, na hakuna anayepima kilichomo; ikiwa na methanoli hupofusha na kuua. Ikatae popote. Mnazi na mbege hazikenekwi, hivyo swali kubwa kuzihusu ni usafi wa maji na vyombo. Ukiona vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo ileile ya maji machafu, ondoka. Kula kabla ya kunywa, na giza likiingia usitembee kando ya mitaro isiyofunikwa, chukua bajaji.