Bakteria kwenye majitaka yaliyotibiwa: kipimo huharibikia kwenye chupa

Majitaka yakishapita kwenye mabwawa ya kutibia huweza kuwa maangavu, yasinuke, na bado yakamlaza mtu hospitalini. Huko Moshi maji ya namna hiyo humwagilia mpunga, na anayeingia jarubani miguu mitupu ana haki ya kujua kilichomo. Maabara hutafuta kolifomu za kinyesi, bakteria wanaoashiria uchafu wa choo. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wasizidi 1,000 kwa mililita 100 pale maji yanapomwagilia mazao yanayoliwa mabichi.

Chupa itakaswe kwenye otoklevu, nyuzi 121 kwa dakika 15, isifunguliwe mpaka wakati wa kuchota. Mtambo ukitumia klorini, tia kwanza chupani sodiamu thayosalfeti: mililita 0.1 ya myeyusho wa asilimia 10 hutosha chupa ya mililita 120. Ukisahau, klorini itaendelea kuua bakteria njiani, nawe utaandika ripoti safi ya maji machafu. Usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya kutikisa. Iweke kwenye barafu, chini ya nyuzi 10 bila kuganda, ifike maabara ndani ya saa 6 na kazi ianze kabla ya saa 2 nyingine kupita. Foleni ya malori si udhuru.

Kisha zimua. Hapa wengi huona uvivu, wakachuja kiasi kimoja tu na kuambulia sahani iliyojaa isiyohesabika. Mililita 10 za sampuli ndani ya mililita 90 za maji ya bafa yaliyotakaswa ni kuzimua mara 10; tikisa vizuri, badili pipeti, rudia. Chuja angalau viwango vitatu kupitia utando wa mikromita 0.45. Uinue kwa kibanio kilichopitishwa motoni, uulaze juu ya chakula cha bakteria kiitwacho m-FC kuanzia ukingo mmoja, taratibu, hewa isinaswe chini yake: penye povu bakteria hawali, hivyo hawaoti.

Sahani ziingie kwenye mfuko usiopitisha maji, zizamishwe kwenye beseni la nyuzi 44.5 kwa saa 24. Joto lisipande wala kushuka zaidi ya nyuzi 0.2. Mimi siamini namba zinazoonyeshwa na beseni lenyewe. Natumbukiza kipimajoto majini.

Hesabu makoloni ya buluu, kwenye sahani yenye 20 hadi 60. Ukichuja mililita 1 ya maji yaliyozimuliwa mara 10, sampuli halisi ni mililita 0.1, makoloni 32 ni sawa na 32,000 kwa mililita 100.

Mwanzo na mwisho wa kazi, chuja bafa tupu. Ikiota koloni hata moja ya buluu, tupa matokeo yote ukachote upya.