Mtoto Anapohamishwa Shule



Kila mwaka Desemba inapofika, wazazi hunijia nyumbani na swali moja: "Mwalimu, nimhamishe mtoto ama nimwache?" Baadhi yao wamepewa uhamisho wa kazi, hawana hiari. Wengine wameyaona matokeo ya shule ya jirani wakashikwa na tamaa. Mama mmoja alinijia na mtoto wa darasa la tano, ambaye tangu kuanza shule amekwisha kusoma katika shule nne, na sasa alikuwa akitafutiwa ya tano. Nilimwuliza mtoto jina la mwalimu wake wa hesabu. Alifikiri kitambo, kisha akanitajia mwalimu wa shule ya pili.

Somo la mwezi huu nimeliandika kwa ajili ya mama huyo, na kwa wote walio na swali kama lake. Tutaangalia kwanza uchunguzi wasema nini, kisha kwa nini mtoto hurudi nyuma, kisha lini yafaa kuhama, na mwisho tufanye nini.

1. UCHUNGUZI WASEMA NINI

Jambo hili limechunguzwa sana katika nchi za nje. Mwaka 1994 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya watoto wa darasa la tatu wa nchi ile. Iliona kwamba mtoto mmoja katika kila sita alikuwa amekwisha kusoma katika shule tatu au zaidi tangu darasa la kwanza. Katika kila watoto 100 wa namna hiyo, 41 walikuwa chini ya kiwango cha darasa lao katika kusoma. Miongoni mwa wale ambao hawakuhama kamwe, waliokuwa chini ya kiwango walikuwa 26 katika 100.

Mwaka 2009 John Hattie, mtaalamu wa elimu aliyekuwa akifundisha New Zealand, alitoa kitabu alichokusanya ndani yake matokeo ya maelfu ya uchunguzi. Alipanga mambo 138 yanayogusa maendeleo ya mwanafunzi, kuanzia yale yanayosaidia sana hadi yale yanayodhuru. Kuhamahama shule kulishika nafasi ya mwisho kabisa.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Watu wengi zaidi hufa hospitalini kuliko sokoni, wala hatusemi kwamba hospitali ndiyo iuayo. Taarifa ile ya Marekani yenyewe ilionyesha kwamba wanaohama mara nyingi hutoka zaidi katika nyumba maskini. Hata kwetu, mtoto aghalabu huhama kwa sababu baba amefariki, au wazazi wameachana, au kodi ya nyumba imeshindikana. Mtoto wa namna hiyo alikuwa na mzigo kichwani kabla ya kuhama. Sehemu ya alama zake mbaya ni ya mzigo huo, na sehemu ni ya kuhama kwenyewe. Yatupasa kuyatenganisha mambo haya mawili, ama sivyo tutatibu ugonjwa usiokuwapo.

2. KWA NINI MTOTO HURUDI NYUMA

Nchi yetu ina muhtasari mmoja wa masomo, na kwa hiyo wazazi hudhani kwamba kuhama ni kama kushuka basi hili na kupanda lile. Sivyo. Walimu hawaendi kwa mwendo mmoja. Shule moja imekwisha kumaliza sehemu, nyingine bado inagawanya. Mtoto akitoka ya nyuma kwenda ya mbele, huruka somo zima bila mtu yeyote kujua, hata yeye mwenyewe.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Katika miaka ya 1980 nilifundisha hesabu katika shule ya mazoezi iliyokuwa karibu na chuo cha ualimu. Alikuja mvulana ambaye baba yake alifanya kazi ya ujenzi wa barabara, na hiyo ilikuwa shule yake ya tatu katika miaka miwili. Katika jaribio la kwanza alipata alama 2 katika 20. Nami niliandika katika daftari langu neno moja: "mzito". Tangu siku hiyo sikumwuliza swali darasani, nikidhani namwonea huruma.

Mwanachuo mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha ndiye aliyeketi naye chini ya mwembe. Alimwambia ajumlishe robo tatu na moja ya nane. Mvulana aliandika 4/12. Alikuwa amejumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Mwanachuo alimpa hesabu za kuzidisha na kugawanya, naye akazifanya zote bila kosa. Kumbe mtoto hakuwa mzito. Shule aliyotoka haikuwa imefika kwenye sehemu, na sisi tulikuwa tumekwisha kuzipita na kuingia kwenye asilimia. Asiyejua sehemu atajuaje asilimia? Ilichukua majuma matatu ya jioni kuliziba pengo lile. Kufika mwisho wa muhula alikuwa katikati ya darasa. Mwaka ulipokwisha baba yake alihamishwa tena, wala sikupata habari zake zaidi. Mara nyingi nimejiuliza kama huko alikokwenda alikuta mwalimu wa namna ya mwanachuo yule, au wa namna yangu.

Pengo la pili ni lugha. Tangu miaka ya 1990 shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka sana. Mtoto aliyejifunza sayansi kwa Kiswahili miaka minne akiingizwa humo ghafula, hujua jibu lakini hana neno la kulitamkia. Mara nyingi hurudishwa darasa moja au mawili nyuma. Anayemtoa mtoto huko kwa kukosa ada hukutana na shida hiyo hiyo kwa upande mwingine: mtoto anajua hesabu, lakini hajui "kigawe" ni nini.

Pengo la tatu ni watu. Mwalimu wa zamani alijua kwamba mtoto huyu haoni vizuri ubaoni, na huyu hunyamaza asipoelewa. Maarifa hayo hayaandikwi katika barua ya uhamisho. Tena rafiki wa kuazima daftari hayuko. Hattie alikaza sana jambo hili: kwamba mtoto anapobadili shule, dalili kubwa ya kufaulu kwake ni kupata rafiki katika mwezi wa kwanza.

Hili nalijua mimi mwenyewe. Nilikuwa mtoto wa shule wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Sisi tulihamishwa kijiji kizima pamoja na mwalimu wetu, tukasoma chini ya mti kwa muda mrefu maana shule haikuwa imejengwa. Lakini jirani yangu wa dawati alikuwa yule yule, na mwalimu aliendelea palepale alipoishia. Hatukurudi nyuma sana. Watoto waliofika peke yao kutoka vijiji vingine, wakajiunga nasi katikati ya mwaka, ndio waliopata taabu. Wote tulihama, lakini wao walipoteza watu na sisi hatukuwapoteza.

Pengo la nne ni siku. Mtoto anangoja barua ya uhamisho, anangoja sare, anangoja nafasi. Juma moja huwa matatu, na masomo hayamngoji.

3. LINI YAFAA KUHAMA

Sisemi kwamba mtoto asihamishwe kamwe. Mwaka 2004 Eric Hanushek, John Kain na Steven Rivkin walitoa uchunguzi wao wa jimbo la Texas. Waliona kwamba kuhama huleta hasara, lakini pia kwamba wako waliohama wakaingia shule iliyo bora. Tena waliona jambo tunalolisahau: shule yenye watoto wengi wanaoingia na kutoka huwadhuru hata wale wasiohama, kwa kuwa mwalimu hulazimika kurudi nyuma kila mara.

Basi pima sababu yako. Hizi ni sababu zenye uzito: mtoto anapigwa au kuonewa na wakubwa hawachukui hatua, binti anasumbuliwa na wanaume njiani, shule iko mbali mno, hakuna mwalimu wa somo analolihitaji, mtoto haoni au hasikii na kuna shule yenye walimu waliofunzwa kwa ajili yake, au wewe mzazi umehamishwa.

Na hizi ni sababu nyepesi: umegombana na mwalimu mkuu, mtoto wa jirani amehamia huko, au umeona wastani wa shule fulani uko juu. Juu ya hili la mwisho nawasihi mtazame vizuri. Ziko shule ambazo wastani wao ni mkubwa kwa sababu huchuja watoto mlangoni, na wale wanaolegea huambiwa wakatafute mahali pengine kabla ya mwaka wa mtihani. Wastani wa shule si alama ya mtoto wako. Uliza hivi: mtoto aliyeingia pale akiwa dhaifu, walimfanyia nini?

Hata sababu ikiwa nzuri, chagua wakati. Januari ni afadhali kuliko katikati ya muhula. Mwaka wa mtihani wa taifa, mathalani Kidato cha Pili au cha Nne, usimhamishe mtoto ila kwa lazima. Na kama ni lazima, mhamishe mara moja, usimhamishe mara tatu ukijaribujaribu.

4. MAMBO YA KUFANYA

Mkulima ahamishaye mche huutoa na udongo wake. Na mtoto naye aondoke na udongo wake, hivi:

(a) Yatunze madaftari yake ya zamani. Katika nyumba nyingi madaftari hayo hufungia karanga kabla Januari haijafika. Hayo ndiyo ushahidi wa mahali alipofika.

(b) Mwombe mwalimu wa zamani barua ya ukurasa mmoja: masomo waliyomaliza, ambayo bado, na tabia ya mtoto katika kujifunza. Barua hii haigharimu kitu, na ni wazazi wachache sana wanaoiomba.

(c) Nenda shule mpya kabla ya kufungua. Linganisha madaftari hayo na ya mtoto wa darasa lile. Mapengo utayaona mwenyewe, na likizo nzima iko mbele yako ya kuyaziba.

(d) Mpe nafasi ya kuagana na rafiki zake na walimu wake. Mtoto aliyeondolewa usiku kama mwizi hubaki moyo wake huko.

(e) Katika juma la kwanza mtafutie mtoto mmoja wa darasa lake anayekaa karibu nanyi, waende na kurudi pamoja.

(f) Ripoti ya kwanza ikiwa mbaya, usimpige wala usimhamishe tena. Kaa na mwalimu mwulizane ni somo gani lililorukwa.

Kwa walimu wenzangu nasema neno moja. Msiandike kama nilivyoandika mimi. Mtoto mgeni apewe jaribio lisilo na alama, la kutafuta pengo tu, kabla ya kumwita jina lolote.

5. WAJIBU WETU KATIKA PARISHI

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtoto mgeni sisi humpa jembe siku ya kwanza, tena shamba lenyewe hatujamwonyesha. Katika parishi yetu kila mwaka huja jamaa za walimu, wauguzi, askari na wafanya biashara. Tunawasalimu wazazi baada ya ibada, na mtoto amesimama pembeni akichezea kifungo cha shati. Muulize yuko darasa la ngapi na shule gani. Kisha mwite mtoto wako wa darasa hilo, uwakutanishe. Kazi hiyo haichukui dakika tano, na huenda ikamfaa kuliko masomo ya ziada ya muhula mzima.

Yule mama niliyemtaja mwanzoni tulikaa naye hata jioni. Sababu yake ilikuwa ya wastani wa shule. Tulifungua madaftari ya mwanawe, yale machache yaliyobaki, tukakuta kwamba hakuna shule hata moja kati ya nne iliyomfundisha kugawanya kwa namba za tarakimu mbili mpaka mwisho. Aliamua kumwacha alipo. Sasa huja kwangu kila Jumanne na Alhamisi, na jina la mwalimu wake wa hesabu analijua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA (kwa Umoja wa Akina Mama, vijana na vikundi vya nyumbani)

1. Kati yetu ni nani aliyehama shule utotoni? Ni nani aliyempokea, na alimfanyia nini?
2. Taja sababu tatu zinazowafanya wazazi wa hapa kwetu kuhamisha watoto. Zipi ni nzito, na zipi ni nyepesi?
3. Ni watoto gani waliofika katika parishi yetu mwaka huu? Je, twayajua majina yao na madarasa yao?